Kitabu Kisicho na Mwizi

Jumapili, 14 Januari

Mvua tangu alfajiri. Watoto waliofika shule ya Jumapili walikuwa wamelowa kama vifaranga. Nikawakalisha mikekani na kuwasomea kile kitabu cha msaada kutoka ng'ambo, cha kindi mchoyo anayeficha njugu zake kwenye theluji mpaka Bwana anapomfundisha kugawa. Nimekisoma miaka mingi, nadhani hata kindi mwenyewe amenichoka. Kelera, mjukuu wa Salaseini wa ukoo wa Naqara, akauliza kama yule ni panya, na kama ni panya, nani kamshonea koti. Nikamwambia ni mnyama wa nchi za baridi. Akauliza kwa nini Yesu hawafundishi wanyama wa hapa, au wa hapa hawana dhambi.

Nikafunga kitabu. Mgongo ulikuwa unauma.

Baada ya ibada Mchungaji Inoke akanivuta pembeni kana kwamba alikuwa amemsikia mtoto. Kiwanda cha uchapaji cha kanisa kule mjini Suva kimekubali kuchapa kitabu cha watoto chenye wanyama wetu, kwa lugha yetu. Michoro iwe tayari Jumapili ya Matawi, siku ya watoto, mkuu wa jimbo atakapokuja. Yeye ataondoka nayo. Mimi nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote na mkono bado unashika brashi, basi nani mwingine. Nikakubali. Siku hizi nakubali kila kitu, maana kukataa kunataka nguvu.

Sikumwambia kwamba baada ya Pasaka napanda boti. Kaka yangu Taniela alinipigia simu kutoka kwetu, visiwa vya Lau: nyumba ya mama imeezekwa upya, njoo uzeekee kwenu. Miaka arobaini nimeishi hapa Waidrau kama mke wa mtu, na huyo mtu, Apenisa wangu, amelala kule mteremkoni tangu mwaka juzi. Mwanamke asiye na mtoto, aliyefiwa na mume, katika kijiji cha mume ni nani? Ni mgeni aliyesahau kuaga. Nitamaliza kitabu, kisha niage. Naandika humu kwa sababu Apenisa ndiye niliyekuwa nikimwambia mambo haya.

Jumanne, 16 Januari

Kikapu cha samaki mlangoni, kama kila Jumanne na Ijumaa. Naqara ndio wavuvi wa kijiji, na mjane hasubiri aombe. Salaseini hupita mwenyewe na nyonga yake mbovu, huweka kikapu, huenda zake. Hasemi neno.

Zamani alikuwa na maneno. Watu wa kwetu Lau na hawa Naqara ni watani tangu enzi za mababu: tukikutana tunatukanana, tunaibiana kuku, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Siku nilipoletwa bibi harusi, Salaseini alinimwagia maji ya kuoshea magimbi mbele ya wazee wote, akachomoa mkeka niliokuwa nimekalia, akaondoka nao. Nilicheka mpaka nikalia. Miaka mingi baadaye bado alikuwa akinitukana kwanza, salamu nyuma. Kisha matusi yakapungua, yakakoma. Sikumbuki lini. Nadhani naye alinichoka.

Ijumaa, 19 Januari

Karatasi zinaota ukungu. Nimezianika juu ya jiko.

Nimeketi kutwa nikiwapanga wanyama. Si kazi ndogo. Kila ukoo hapa una samaki wake, mti wake na ndege wake, na majina hayo hayatajwi ovyo, hasa mbele ya wanawake. Mwanamke akiyataja ni kama amevua nguo sokoni. Yaliyo wazi nayajua. Papa ni wa chifu, sitamgusa. Popo ni wa ukoo wa mume wangu. Samaki wa Naqara namjua, kwa hiyo hatakuwamo humu. Ndege wa Naqara sikuwahi kuambiwa. Ningemuuliza Apenisa, hata kama asingejibu, angekohoa, nami ningejua. Shemeji Maikeli simuulizi swali hilo hata mbingu ishuke.

Kasa atakuwa mwenye subira. Pweza mkarimu, ana mikono ya kutosha. Njiwa mtiifu. Amebaki mwizi.

Jumatatu, 22 Januari

Mvua ilipumzika kidogo. Kwenye ukuta wa bahari, mbele ya nyumba ya Salaseini, alisimama yangeyange wa mwambani, yule wa kijivu, kwa mguu mmoja, haondoki. Nimemwona hapo mara nyingi tangu mwaka jana. Nikakaa na brashi yangu mpaka nikammaliza, shingo na macho na ile sura yake ya mtu anayejifanya hajui kitu.

Hadithi ikaja yenyewe. Yangeyange anaiba samaki kwenye mtego wa mawe wa Pweza, anammeza mzima, kisha anaapa hajala. Lakini shingo ni ndefu na nyembamba, na samaki amekwama katikati, kila mtu anaona donge. Mwisho anakiri, Kasa anamsamehe, donge linashuka. Tangu Apenisa afariki sijawahi kupenda kitu nilichofanya kama ninavyoipenda hadithi hii.

Jumapili, 28 Januari

Nimewasomea. Watoto wamecheka mpaka wakalaliana, wakinyoosha shingo na kumeza mate. Watoto wa Naqara hawakucheka. Kelera alisimama katikati ya ukurasa wa donge akatoka nje mvuani. Nilidhani ni tumbo.

Jumanne, 30 Januari

Hakuna samaki. Bahari chafu.

Ijumaa, 2 Februari

Hakuna samaki. Bahari imetulia.

Jumapili, 4 Februari

Mikeka ya mbele mitupu. Hakuna mtoto hata mmoja wa Naqara. Mchungaji anasema ni mafua.

Jumanne, 6 Februari

Hakuna samaki. Nimekula muhogo na majani ya magimbi. Upepo ulipogeuka nilisikia harufu ya samaki wa kuchoma kutoka jikoni kwa Naqara. Basi si bahari, wala si mafua.

Jumapili, 11 Februari

Malimbuko ya viazi vikuu. Kila ukoo ulileta vyake mbele ya kanisa vikiwa vimefungwa kwa majani, kama kila mwaka. Vya Naqara havikuja. Walivipeleka kwa chifu, wakaishia hapo. Mchungaji alihubiri kuhusu kutoa huku akitazama mlango. Shemeji Maikeli alikaa na taya limekaza mwanzo hadi mwisho, na wakati wa kutoka hakuniangalia.

Jumanne, 13 Februari

Nimeambiwa. Aliyeniambia ni Vasemaca, wifi yangu, dada wa Apenisa, ambaye kwa kawaida husema mambo kabla hayajatokea. Safari hii alikuja akakaa, akanywa chai yote, akaangalia mlangoni.

"Wifi," akasema, "unajua yule uliyemchora ni nani?"

"Yangeyange."

"Usimtaje. Yule ni wao."

Nilishika ukingo wa meza. Akaendelea kwa sauti ya chini, kama anayesoma kosa la mtu mahakamani. Watoto shuleni sasa wakimwona Kelera wananyoosha shingo na kumeza mate. Mmoja alimwita mwizi, naye akampiga kwa sufuria ya chakula, na mwalimu akamwadhibu Kelera. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba Jone, mtoto wa Salaseini, baba yake Kelera, alipopotea baharini mwaka jana, kabla boti haijarudi na habari, ndege yule alikuja akasimama kwenye ukuta wa nyumba yao. Kila siku anakuja pale pale. Salaseini huamka akamwangalia ndipo anapowasha moto.

"Na wewe," Vasemaca akasema, "ukaenda ukakaa mbele ya mlango wake ukamchora mwizi."

Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia siku ile ile. Akasema jambo lile haliambiwi mtu, linajulikana tu. Nikasema mimi sikulijua. Akasema hilo ndilo linalowauma.

Jumatano, 14 Februari

Sikushika brashi. Taniela alipiga simu. Nilitaka kumwambia niletee boti kesho.

Ijumaa, 16 Februari

Hakuna samaki, na sistahili.

Jumapili, 18 Februari

Kimbunga kilipita kusini, kikatupiga kofi tu. Usiku kucha tulikuwa kanisani, kijiji kizima, Naqara upande wao, sisi upande wetu. Kelera alilala kwenye mapaja ya bibi yake. Salaseini alinipa mgongo mpaka kulipokucha. Nimefunga mikeka yangu kwa kamba ili isilowe, na baada ya upepo kutulia sikuifungua. Nimeona ni heri ibaki hivyo hivyo, tayari.

Jumanne, 20 Februari

Leo nimefanya jambo nililodhani ni la akili.

Niliwaza hivi: Mimi ni wa Lau. Naqara ni watani wangu. Mtani akimtukana mtani hakuna kosa. Akinuna, yeye ndiye mwenye kosa. Basi nikachukua fungu la mizizi ya yaqona, ya kile kinywaji cha wazee, la kutosha heshima, nikavaa gauni la maua makubwa kama tunavyovaa kwetu, nikaenda kwa Salaseini. Njiani nilijaribu kukumbuka matusi ya zamani. Nilikuwa na miaka mingi sijatukana mtu, ulimi ulikuwa mzito.

Alikuwa amekaa barazani akitengeneza wavu, kidole cha mguu kimeshika uzi. Ndege alikuwa ukutani. Nikapiga kelele kutoka njiani kama zamani, nikamuuliza kama watu wa Naqara bado wananuka magamba, na kama huko ndani kuna chochote cha kuiba kinachostahili taabu.

Hakucheka. Alivuta fundo, akalikaza.

"Umekuja kama nani?" akauliza.

"Kama mtani wako."

Akaniangalia mara ya kwanza tangu Januari. Sikuona hasira usoni pake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Niliona uchovu, kama wangu.

"Mtani huja na boti," akasema. "Anakula, anaiba kuku, anatutukana, kisha anapanda boti anarudi kwao, nasi tunacheka mpaka aje tena. Boti yako iko wapi, Ateca? Miaka arobaini nangoja upande, hupandi."

Akavuta fundo jingine.

"Jone alipopotea, nani alilala mkekani kwangu mpaka siku kumi zikaisha? Nani alimchana Kelera nywele mimi nikiwa siwezi kusimama? Mtani? Mtani huja msibani akajilaza kwenye kaburi akafanya vituko watu wacheke. Wewe hukufanya vituko. Wewe ulilia." Akarudi kwenye wavu. "Ungekuwa mtani ningecheka. Wewe ni wa hapa. Mtu wa hapa akinitukana, amenitukana."

Fungu la yaqona lilikuwa bado mikononi mwangu. Hakulipokea. Nikalirudisha nyumbani, na njiani gauni la maua makubwa lilinitia aibu.

Nimekaa nayo maneno hayo tangu asubuhi. Mwaka baada ya mwaka nilidhani alinyamaza kwa sababu amenichoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa zamani, nikalima, nikavuna, nikaendelea kujiita mgeni. Na leo nimekwenda kumwambia uso kwa uso kwamba mimi si wa hapa ili nisilipe nilichovunja. Na boti ninayo, yeye hajui. Naona haya kuliko nilivyoona kwa ajili ya ndege.

Alhamisi, 22 Februari

Nilikwenda kwa shemeji Maikeli, nikakaa sakafuni, nikamwomba anisaidie kuomba msamaha. Maikeli ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatumia kwa mbwa wake. Alisema, "Nilikuwa nangoja uje." Basi.

Jumamosi, 24 Februari

Tulikwenda Naqara asubuhi, wanaume wa nyumba ya mume wangu mbele, Vasemaca na mimi nyuma. Maikeli alibeba jino la nyangumi, lile linaloombewa msamaha mkubwa, kwa mikono miwili. Jino lile lilikuwa la baba yao. Sikujua kwamba bado lipo. Tukakaa karibu na mlango, mahali pa wakosaji, vichwa chini. Mvua ilipiga bati, ikabidi aseme kwa nguvu, yeye asiyesema.

"Mke wa kaka yetu amekosa," alisema. "Kosa lake ni kosa la nyumba yetu. Kama mnataka kutukataa, mtukatae sote. Hatuna mke mwingine wa Apenisa, ni huyu huyu."

Nilitazama mkeka, nikauhesabu ufumaji, nikapotea, nikaanza upya. Hatimaye kaka yake Salaseini akasogea, akalipokea jino, akasema limepokelewa, limekwisha, watoto warudi. Wanaume wakaanza kutwanga yaqona. Vasemaca alinibana mkono mpaka ukafa ganzi. Nililia, na sikulia kwa sababu ya msamaha. Nililia kwa lile neno, huyu huyu.

Salaseini alipika chai, akampa kila mtu, akanipa na mimi.

Jumanne, 27 Februari

Hakuna samaki. Vasemaca anasema msamaha hushuka kichwani kwanza, tumboni baadaye, nisiwe na haraka.

Jumapili, 4 Machi

Watoto wa Naqara wamerudi. Kelera amekaa nyuma.

Kitabu hakina mwizi sasa. Nimechana kurasa za ndege na kuzichoma. Mchungaji Inoke, kijana mwenye nia njema na mkoba mpya, akashauri wanyama wote wawe wema tu, hivyo hakuna atakayeumia. Nikajaribu. Pweza anampa Kasa magimbi. Kasa anashukuru. Njiwa anafurahi kwa ajili yao. Nilisinzia katikati ya kuchora, rangi ikaingia kwenye mkono wa gauni.

Leo nikawasomea hiyo. Walisikiliza kama watu wanaosubiri daktari. Mwisho Kelera akanyoosha mkono kutoka nyuma.

"Bibi, sasa nani anasamehewa?"

Mchungaji alikohoa. Mimi sikuwa na kikohozi. Mtoto amesema kweli: kama hakuna aliyekosa, Kasa amekaa pale na msamaha wake anampa nani?

Jumatano, 7 Machi

Nguruwe? Huyo tunampeleka kwa chifu kwenye kila sherehe. Utamwitaje mwizi leo, kesho umtoe kwa heshima. Mbwa? Nilimuuliza mtoto wa jirani, akasema mbwa kila mtu anajua anaiba, hasamehewi, anapigwa mawe. Panya ananirudisha kwa kindi. Mvua. Mgongo.

Ijumaa, 9 Machi

Nimemwambia mchungaji amtafute mtu mwingine. Amesema hakuna mtu mwingine.

Jumamosi, 10 Machi

Salaseini alikuja. Bila kikapu. Alijivuta mpaka kwenye kiti cha Apenisa, akakaa, akaiangalia mikeka yangu iliyofungwa kwa kamba pembeni, kisha michoro mezani. Akamnyooshea kidole Pweza na magimbi yake.

"Kelera anasema kitabu chako hakina mwizi," akasema.

Nikamwambia nimekosa pa kumpata.

"Kwenu hakuna wezi?"

Sikumwelewa. Akajiegemeza, akaanza polepole, kama mtu anayefungua sanduku la nguo za zamani. Amesikia kwamba huko Lau kuna mdudu mkubwa anayepanda minazi ya watu mchana kweupe, anakata nazi, anaishusha, kisha anarudi shimoni kinyumenyume ili ukimwona udhani anakuja, kumbe anaondoka.

Masikio yaliniwaka moto. Jina hilo sijalitamka tangu nitoke kwa mama yangu. Ni letu, kama ndege alivyo wao.

"Usimtaje," nikasema.

"Kaa," akasema. "Kaa wa minazi, mwenye makucha ya kuogopesha na makalio laini kama uji. Nani atanizuia? Mimi ni mtani wa hao wote."

"Uliniambia mimi si mtani."

"Wewe si mtani. Wewe ni wa hapa, tumeshalimaliza. Lakini kwenu ni kwenu, na watu wa kwenu nitawatukana mpaka siku nitakayozikwa. Shika brashi. Anza na makalio."

Nikachora, naye akaelekeza. Makubwa zaidi. Hapana, zaidi ya hapo. Mpe macho ya kaka yako Taniela, nilimwona siku ya harusi, anaangalia sufuria. Nilicheka mpaka mgongo ukanikumbusha umri wangu, kisha kicheko kikageuka, nikawa nalia juu ya karatasi, ikabidi aivute isilowe.

Aliningoja nimalize. Kisha akauliza, bila kunitazama, boti ni lini.

Nilidhani hajui. Akasema mikeka iliyofungwa kwa kamba wiki tatu baada ya kimbunga inajieleza yenyewe, kijiji kizima kinajua. Nikasema baada ya Pasaka. Akatikisa kichwa taratibu, akaupapasa mkono wa kiti.

"Sikukatazi," akasema. "Kwenu ni kwenu. Ila mimi nimezika mume, nimezika nguo za Jone kwa kuwa mwili haukupatikana. Nimechoka kuaga watu. Ukienda, nenda bila kuniambia."

Akainuka, akaenda. Sijui nani kachoka zaidi, mimi au yeye.

Jumapili, 18 Machi

Mazoezi. Kelera ameomba kuwa Kaa. Anatembea kinyumenyume tangu Ijumaa, hata kwenda kisimani.

Jumapili, 25 Machi, ya Matawi

Jua, hatimaye. Watoto waliingia na matawi ya minazi, wote wamevaa nguo nyeupe, wote pamoja, na mimi siwezi tena kusema nani ni wa ukoo gani mpaka nitazame masikio. Baada ya nyimbo wakaigiza kitabu. Kelera alifungiwa mto nyuma, mkubwa kuliko yeye, akapanda kiti, akaiba nazi, akashuka kinyumenyume akamkanyaga mchungaji. Kutoka upande wa wanawake Salaseini akapiga kelele kwamba ndivyo walivyo watu wa Lau wote, ukitaka kuwajua waangalie wanapotoka. Mkuu wa jimbo, ambaye mama yake ni wa kwetu, alificha uso kwenye kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika.

Kisha Kasa akauliza, "Umeiba?" Kelera akasimama na nazi yake. Akasema, "Nimeiba." Kasa akamwambia, "Basi kaa hapa nasi tule." Watoto wakaipasua nazi kweli, wakaigawa, kipande kikafika mpaka kwangu.

Michoro imeondoka na mkuu wa jimbo, imefungwa kwenye nailoni. Mikono yangu haina kazi.

Jumatatu, 26 Machi

Nilimpigia Taniela nikamweleza habari ya Kaa, nikiogopa. Akauliza nani amesema. Nikasema Naqara. "Basi haki yao," akasema, akacheka sana, halafu akauliza kama ni kweli macho ni yake. Nikasema ni yake. Akauliza kama anipokee bandarini. Nilimwambia nitampigia. Akasema nyumba ya mama haina miguu, haiendi popote.

Jumanne, 27 Machi

Nilikuwa sijaamka vizuri.

"Kaa, fungua mlango. Nyonga yangu si ya kungoja wezi."

Salaseini, na kikapu. Samaki wawili, bado wana maji ya bahari. Tusi kwanza, salamu nyuma. Nilifungua mlango, nikamkaribisha ndani. Sakafu ilikuwa tupu, kila kitu kimefungwa, nikaona aibu kumkalisha chini hivi hivi. Nikaikata kamba, nikachomoa mkeka mzuri kuliko yote, wenye nyuzi nyekundu pembeni, niliousuka kwa ajili ya safari, nikamtandikia.

Nilikaanga samaki. Tulikula na muhogo wa jana, tukizungumza habari za Kelera, ambaye sasa anataka kuwa Kaa maisha yake yote. Alikula mpaka kichwa cha samaki. Alipomaliza akajifuta mikono, akainuka kwa taabu, akainama kwa taabu zaidi, akaukunja mkeka ule, akautia kwapani.

Nikamwambia huo ni mkeka wangu wa safari.

"Najua," akasema, akatoka nao.

Nilimtazama akipita polepole kando ya ukuta wa bahari, anachechemea, ncha nyekundu za mkeka zinamning'inia nyuma. Ndege alimpisha kidogo, akarudi mahali pake. Sikumfuata. Nimeingia ndani, nimezikata kamba zilizobaki, nimetandika mikeka mingine yote sakafuni, nimelala juu yake mchana kweupe.